Hewa ya Kutoka

Haya niliambiwa na mdogo wangu, wa kunyonya titi moja, mwaka jana mvua zilipokatika, siku niliyokwenda kumsaidia kufua mapazia. Tulikaa uani, yeye anasugua, mimi nasuuza. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu mwanawe alikuwa upande wa pili wa ukuta akipiga msasa dirisha la chuma, naye hakutaka kijana asikie habari yake ikisemwa tena. Mimi shule niliishia njiani, kwa hiyo mambo ya mapafu na damu nayaandika kama yalivyonifikia. Palipo na kosa ni langu, si la aliyenisimulia.

Mume wa mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima humwita Cheche, wala si kwa sababu ya kazi tu, hata ulimi wake unarusha cheche. Mageti, vitanda, ngazi, vyote vimepita mikononi mwake. Maisha yake yote alifanyia kazi katika chumba chenye dirisha moja, macho kayafunika kwa miwani myeusi, pua kaiacha wazi. Moshi wa chuma ukiingia, anakohoa. Kazi ikiisha, anawasha sigara. Ukimuuliza anakwambia, "Shemeji, huu ni moshi wa kunipumzisha na ule moshi."

Mwanawe wa pekee ndiye aliyerithi karakana. Huyo wanamwita Rula, kwa kuwa ni mrefu, mwembamba, na hapindi. Kwangu mimi ni mwanangu, nami kwake ni mama mkubwa.

Kikohozi cha Cheche kilikuja kama mgeni wa kupita, kikaomba mkeka, kikahamia. Mwanzo alikuwa akishindwa kupanda ngazi. Baadaye akashindwa kufunga kamba za viatu bila kutua katikati. Mwishowe kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari, anafika ameshika fremu kama mtu aliyekimbizwa. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakamlaza, wakamruhusu, na wakampa mtungi mdogo wa oksijeni wa kukaa nao nyumbani, na mpira mwembamba wa kutia puani.

Nesi wa kituo cha afya cha mtaa ndiye aliyekuja kuwafundisha. Ni mama mpole, ana miguu ya kuvimba, akiingia kwa mtu kwanza anatafuta kiti. Aliketi, akatazama sufuria alilokuwa akilisugua mdogo wangu, akachota povu la sabuni kwa kidole.

"Mapafu si mifuko miwili mitupu kama mnavyodhani," akasema. "Ndani yamejaa vifuko vidogo vidogo, kama povu hili. Ukivuta hewa inashuka hadi humo. Na kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Hewa huku, damu kule, katikati ukuta tu. Na ukuta wenyewe ni mwembamba, ile ngozi ya ndani ya kitunguu mbele yake ni blanketi."

"Hewa inapita ukutani?" Rula akauliza. Mambo ya kuta na vyuma huyu anayapenda.

"Inapita. Ile safi inatoka kwenye kifuko inaingia damuni, damu inaibeba inaipeleka mwilini. Na damu inayorudi imebeba ile iliyokwisha tumika, hewa ukaa, inaitupa kwenye kifuko, wewe unaitoa nje. Ukuta ni ule ule. Ya kuingia na ya kutoka."

"Sasa ya baba imekuwaje?"

"Povu limepasuka. Vifuko vingi vimeungana vikawa mapango, kuta zimekwisha. Zilizobaki hazitoshi."

"Haziwezi kuzibwa?"

"Mwanangu, kwa chuma gani?"

Cheche, aliyekuwa ameegemea mito, akainua kidole. "Nimewahi kuunga bati jembamba kama karatasi ya sigara, mimi."

"Hili mzee ungelitazama tu likatoboka," nesi akamjibu, na wote wakacheka, hata yeye, mpaka kicheko kikageuka kikohozi na mdogo wangu akaenda kumshika mgongo.

Kisha nesi akawaonyesha koki ya mtungi. Akaiweka kwenye moja. Akasema iwe hapo mchana na usiku, wasiiongeze hata akilalamika, akizidiwa wampigie. Akaeleza na sababu. Akasema huyu mzee ya kuingia ina nafuu, inayomkwamia ni ya kutoka, na mwili wake umeshazoea kuishi na hewa kidogo. Ukimzidishia, mwili unaona umeshiba, unalegea kupumua, na ile chafu inabaki ndani inajaa polepole kama maji kwenye shimo.

Wote waliitikia. Ukiwauliza baadaye, ya kuingia waliikumbuka vizuri mno, wangeweza kumfundisha mtu. Ya kutoka waliisikia kama unavyosikia bei ya kitu usichotaka kununua.

Kuna jambo lazima ulijue hapa. Katika nyumba ile mtungi wa oksijeni haukuwa kitu kigeni. Mtu mwingine akiletewa mtungi nyumbani anauogopa kama bomu. Wao wamekua nao. Karakanani kuna mtungi mrefu kumpita Rula, umefungwa mnyororo ukutani, na kabla mtoto yule hajajua kusoma saa alikuwa anajua kusoma geji ya mtungi. Siku ya kwanza tu mdogo wangu alimpaka mumewe mafuta ya mgando midomoni kwa kuwa ilikuwa imekauka, Rula akaruka.

"Mama! Mafuta na oksijeni?"

"Ni ya mdomo, si ya gari."

"Mafuta ni mafuta. Futa, Mama, tafadhali, futa. Unataka kutulipua?"

Cheche akasema, "Mwache mama yako, ananiandaa niende harusini."

Lakini mafuta yalifutwa, jiko likahamishiwa nje, na tangu hapo mtungi ukawa chini ya Rula. Akiangalia geji, akikaza nati, akisikiliza kama kuna panapovuja. Nani angemkataza? Nani mwingine ndani ya nyumba ile alijua kuliko yeye?

Ikaja asubuhi moja ya baridi na umande. Cheche aliamka vibaya. Anavuta hewa kwa mabega, shingo imetoka mishipa, maneno anayatoa moja moja. Midomo imekuwa ya rangi ya zambarau iliyoiva. Mdogo wangu akampigia nesi, simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Nifanye nini mimi?" akawa anasema, anazunguka chumbani na khanga mkononi kama anatafuta pa kuianika. "Mwanangu, tufanye nini?"

Rula alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Sasa nisikilize alivyowaza, maana aliyasema mwenyewe baadaye mbele ya daktari. Mchomeleaji akiwasha moto, ukiwa mlegevu, wa manjano, unatoa masizi, hana haja ya kuuliza mtu. Mkono unakwenda wenyewe kwenye oksijeni, unafungua kidogo kidogo mpaka moto unachongoka na kuwa wa bluu. Hilo alifundishwa na baba yake. Baba alikuwa nyuma yake, ameushika mkono wake, anamwambia, "Ukiona unalegea, ongeza. Usiuonee huruma."

Akaenda kwenye mtungi akafungua koki.

"Nesi alisema—" mdogo wangu akaanza.

"Mama, tazama midomo yake."

Wakatazama. Na kweli, haikuchukua muda, ile zambarau ikaanza kuondoka. Midomo ikawa myekundu, mashavu yakapata rangi, vidole vilivyokuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kisimani vikapata joto. Mabega yakatulia. Cheche akamtazama mwanawe, akapepesa jicho moja, akasema, "Fundi," kisha akalala.

Mdogo wangu alipofika hapa aliacha kusugua, mikono ikabaki ndani ya maji. "Dada," akaniambia, "nilipiga magoti nikashukuru. Alikuwa hajalala vile tangu mwaka uliopita. Nilifunga dirisha, nikafukuza kuku wa jirani wasiwike. Nikampikia Rula uji kama mtoto mdogo."

Alilala mchana kutwa. Akiamshwa ale, anakula vijiko vichache, anasema kichwa kinamgonga, anarudi kulala. Jioni alimwuliza Rula kama geti la shule limeshapakwa rangi. Geti lile lilifungwa Rula akiwa bado anavaa kaptula.

"Limeshapakwa, Baba."

"Bawaba ya chini inalia."

"Nitaitia grisi."

Wakatazamana, mama na mwana, wakatabasamu. Mzee anaota kazi. Na mikono yake nayo, asubuhi ya pili, ikawa inarukaruka juu ya shuka. Anainua viganja, vinaanguka, anainua, vinaanguka, kama ndege anayejaribu kuruka na kushindwa. Rula akasema, "Ona, Mama, anagonga nyundo." Mdogo wangu akacheka hadi akafuta machozi. Akatoka nje kumwambia jirani kwamba mzee yuko kazini hata usingizini.

Wakati huo pumzi zake zilikuwa zimekuwa ndogo, za juu juu. Rula akaona hilo. Akaona, na akafanya alichojua. Akaongeza tena koki.

Kufika adhuhuri mdogo wangu alikwenda kumwamsha ale. Akamwita, akamtikisa bega. Akamwita jina la utani wanalojua wawili, lile ambalo hata mimi dada yake sijawahi kuambiwa. Hakujibu. Jasho lilikuwa linamtoka usoni, na uso ni mwekundu, mzuri, una afya. Hilo ndilo lililomchanganya. Mtu mwenye rangi nzuri namna ile, mbona haamki?

Nesi aliingia wakati huo huo. Alikuwa ameona simu za jana, akaja bila kupiga hodi ya pili. Hakutafuta kiti. Akamfungua mzee jicho, akamgonga kifuani kwa vifundo vya vidole, kisha akatoa kile kibanio chake kidogo cha kupimia hewa iliyo damuni, akambana kidoleni. Namba zikawaka. Mdogo wangu hakujua kusoma maana yake, lakini Rula alijua, alikuwa amefundishwa, akasema kwa furaha, "Imepanda! Haijawahi kufika hapo."

Nesi akaitazama ile namba nzuri, na uso wake ukaanguka.

"Nani kagusa koki?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana asubuhi. Na leo."

"Nilisema nini?"

"Ulisema tusiongeze."

Nesi akainama kuangalia koki imefika wapi. Mdogo wangu anasema angalau angetukana, wangepata pa kushika. Rula akarukia mtungi aifunge, nesi akamdaka mkono. "Usifunge! Ukifunga ghafla unamwua kwa upande mwingine. Punguza. Taratibu. Taratibu, baba." Kisha akasema, "Tafuteni gari."

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya mteja aliyekuja kuchukua nondo za dirisha. Wakazishusha barabarani, wakampakia mzee, Rula akakaa nyuma ameukumbatia mtungi usigonge, nesi akishika kidevu cha Cheche kisianguke. Wako mtaani katikati ya mchana, watu wanauza, watu wananunua, watoto wanatoka shule, na kila mmoja wao anavuta hewa na kuitoa bila kujua kwamba anafanya kazi.

Hospitali walimfunga barakoa kubwa usoni, yenye mikanda ya nyuma ya kichwa, ikaunganishwa na mashine inayosukuma hewa ndani kisha inaiachia irudi. Daktari aliwaita pembeni. Akawaambia damu yake imejaa hewa ukaa, imekuwa chachu kama siki, ndiyo iliyomlevya. Mikono ile haikuwa nyundo. Ni dalili. Hata wekundu wa mashavu ni dalili.

"Alikuwa anapona," mdogo wangu akasema. "Tulimwona kwa macho."

"Mlikuwa mnaona inayoingia, mama. Inayotoka haina rangi."

Rula alikuwa ameegemea ukuta, urefu wake wote umekunjika. Ndipo alipoeleza habari ya moto wa manjano na moto wa bluu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Akasema, "Moto unatupa uchafu wake nje wenyewe. Baba yako hawezi."

"Basi chukueni kwangu." Akajipiga kifua. "Yangu mazima. Sivuti sigara. Hamwezi kukata kipande?"

"Hatuna uwezo huo hapa. Na hata penye uwezo, kwa umri wake na hali yake, wasingekubali."

"Basi nifanye nini?"

"Subirini."

Kusubiri. Mtu mwenye mikono kama ile, anayeweza kuinua geti peke yake, ameambiwa aketi kwenye benchi. Mdogo wangu anasema walikaa mlangoni wakimtazama kupitia kioo, na bila kujua wakaanza kupumua pamoja na mashine. Ikisukuma, wanavuta. Ikiachia, wanatoa. Kama mnavyombeba mtu kwa kumtazama. Baadaye Rula akapata kizunguzungu, akaambiwa aende nje akapigwe na upepo. Hata hilo lilimshinda, kumsaidia mtu kupumua kwa kupumua.

Kesho yake Cheche akafungua macho. Neno la kwanza, barakoa ilipoinuliwa anywe maji, lilikuwa, "Nani kanivisha kofia ya pikipiki?"

Walilia hadi wauguzi wakawatoa.

Alirudishwa nyumbani baada ya muda, koki kwenye moja. Daktari alisema wazi. Kilichokwisha kimekwisha, hakuna dawa ya kujenga ukuta. Mtungi ni wa kumfanya afike, si wa kumrudisha. Kufika wapi hakusema, na hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo, kwa maneno ya mdogo wangu, ulipoanza mtihani wenyewe. Maana Cheche alikuwa na kiu ya hewa, na mtungi umejaa, uko pale kando ya kitanda, mkono unafika. Alikuwa anaomba.

"Rula. Mwanangu. Robo tu."

"Siwezi, Baba."

"Robo ya robo."

"Baba, siwezi."

"Hiyo koki nimekufundisha mimi kuifungua."

"Ndiyo, Baba."

"Basi fungua."

Kijana anageuka kuangalia geji. Siku nyingine anamjibu kwa mzaha, anasema ningekuwa na nafasi ningeichomelea kabisa, na baba yake anamwambia angechomelea vibaya, mkono wake wa kushoto unatetemeka. Siku nyingine hakuna mzaha. Anakaa ameinamisha kichwa huku baba yake anavuta hewa kwa mabega, anasikia kila pumzi ikikwaruza, na anachoweza kumfanyia ni kutofanya. Mimi nimelea watoto, nimezika, najua uzito wa vitu vingi. Mtoto kukaa na kiu ya baba yake mkononi na asimpe, huo sijawahi kuuinua.

Na usingizi nao waliuogopa. Mzee akisinzia tu, mdogo wangu anamtikisa. Anasinzia, anatikiswa. Mwishowe mzee akamlilia nesi, "Hawa wananiua kwa kuniamsha." Nesi akawaambia, muulizeni swali. Akijibu sawasawa na kukasirika, mwacheni, huo ni usingizi wa Mungu. Basi wakawa wanamwuliza. Mkeo anaitwa nani? "Balaa." Leo siku gani? "Siku ya kuniacha." Wanamwacha. Lakini wenyewe hawalali, wanapokezana, na anayetakiwa kupumzika yuko macho anasikiliza.

Mchana mmoja, jua limeshika bati, mwili ukawashinda. Mdogo wangu alikuwa chini kwenye mkeka, kichwa juu ya ukingo wa kitanda, akasema anafumba macho tu. Akalala. Rula alikuwa kwenye kigoda kati ya kitanda na mtungi, miguu mirefu imefika mlangoni. Kidevu kikaanguka. Naye akalala.

Cheche alikuwa macho. Hili hakuna aliyeliona. Ni yeye mwenyewe aliyemwambia mdogo wangu baadaye, siku aliyopata maneno ya kutosha. Alisema kifua kilikuwa kimembana siku ile kama kimefungwa nati. Akanyoosha mkono juu ya bega la mwanawe. Akaifikia koki. Vidole vikaijua, baridi ile, meno yale, kama unavyojua kitasa cha mlango wako. Robo tu.

Akamtazama kijana. Anakoroma, mdomo wazi kama mtoto. Hewa inaingia, hewa inatoka, haina wa kuizuia. Kazi inafanyika humo ndani bila bosi. Alisema alikaa akiisikiliza kama mtu mwenye njaa anavyosikiliza wenzake wakila, na hakuona wivu, aliona ajabu.

Akawaza, nikifa hapa na koki iko juu, huyu akiamka atasema ni yeye tena. Nani atamwambia kwamba si yeye?

Akautoa mkono. Alisema kuurudisha ulikuwa mzito kuliko geti lolote alilowahi kubeba. Akakunja midomo kama anayepuliza chai, alivyofundishwa na nesi, akaanza kuitoa ile ya ndani kwanza, polepole, mpaka ikaisha. Kisha akavuta kidogo, kile kilichokuwepo. Akatoa tena. Hapakuwa na wa kumuuliza swali. Kwa hiyo akajiuliza mwenyewe, mkeo anaitwa nani, akajijibu kimoyomoyo, safari hii jina lake la kweli, na usingizi ukamchukua.